Barua ya Wazi: Orodha ya Mafuvu 197 Isomwe Vijijini Kabla ya Masanduku Kufungwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Maliasili na Utalii,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Nje,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania,
Nakala kwa Ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, na kwa wasimamizi wa Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, Berlin.

YAH: MAFUVU YA WAHENGA WETU YALIYOKO UJERUMANI

Waheshimiwa,

Naandika kuhusu watu 197 ambao vichwa vyao vimekaa ughaibuni, katika maghala ya Berlin, kwa zaidi ya karne moja. Idadi hiyo imetolewa na wanaovihifadhi wenyewe. Mwezi Septemba 2023 Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia ulitangaza kwamba watafiti wake wamemaliza kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Kijerumani, na kwamba 904 kati yake yalitoka Rwanda, 197 Tanzania, 27 Kenya, na 7 hayakuweza kutambuliwa yalikotoka. Katika tangazo hilohilo walisema kwamba mafuvu machache ya Uchaggani yalilinganishwa kwa vinasaba na watu walio hai, na moja, la mtu anayekumbukwa kwa jina la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi (mangi ni chifu wa Kichagga), likapata ukoo wake. Mengine mawili yalikaribia sana kuoana na vinasaba vya watu wa Kilimanjaro waliojitolea kupimwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimezaliwa Old Moshi, nikafundisha Kilimanjaro na baadaye Ruvuma, na kwa namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi jirani na mahali pawili ambapo Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu. Siandiki kwa niaba ya ukoo wowote, wala sina cheo cha kunipa sauti katika mazungumzo ya serikali mbili. Ninaandika kwa sababu ninaona jambo moja linaweza kufanywa vibaya kwa nia njema kabisa, na likishafanyika halitarekebishika: mafuvu hayo yanaweza kurudi nyumbani bila wenye nayo kujua kwamba yalikuwa yao.

Ombi langu ni kwamba, kabla sanduku lolote halijafungwa kwa safari, orodha kamili ya mafuvu hayo 197 itolewe kwa Kiswahili, ipelekwe katika kila halmashauri, kata na kijiji ambacho jina lake linatajwa ndani yake, na isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji. Naomba mniruhusu nieleze kwa nini nalishikilia jambo hili kiasi hicho.

Vitabu tulivyofundishia viliwaita Wazungu wa kwanza kufika bara wavumbuzi. Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, akiongozwa na watu waliokuwa wameuona kila siku ya maisha yao. Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo Oktoba 1889, alikipa jina la Kaiser wake, yaani mfalme wa Ujerumani, na kuondoka na kipande cha jiwe, akampelekea Kaiser huyo zawadi. Jiwe halina watoto wa kulitafuta, na sitaki kulifanya jiwe kuwa kesi. Ila tabia ya kufika mahali, kupapa jina jipya na kuondoka na kipande chake iliendelea hadi ikafika kwenye miili ya watu. Huko Berlin, Felix von Luschan wa makumbusho ya ethnolojia aliandika miongozo ya ukusanyaji kwa wasafiri, madaktari na maofisa wa makoloni, na mafuvu yakaanza kusafirishwa kwa masanduku. Mwaka 1907 hadi 1908 msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtu wa ukoo wa kifalme, ulipita Rwanda, na mwanaanthropolojia wake, Jan Czekanowski, akakusanya mafuvu yapatayo elfu moja. Anayeshangaa kwa nini hesabu ya Rwanda ni kubwa kuliko yetu mara nne na zaidi, jibu lake kwa sehemu kubwa ni safari hiyo moja. Walitaka kupima vichwa ili wawagawe binadamu katika makundi ya rangi na asili. Sayansi hiyo imekwisha kukataliwa na wanasayansi wenyewe, lakini vichwa vimebaki rafuni.

Mengi ya mafuvu hayo hayakutoka vitani. Yalitoka makaburini na mahali pengine pa maziko, na baadhi yake yalikuwa ya watu walionyongwa. Kwa asiye Mchagga, neno hili la mahali pa maziko lahitaji ufafanuzi. Kwa desturi yetu ya zamani, mzee alizikwa nyumbani, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, fuvu likawekwa ndani ya kihamba, chini ya migomba, mahali palipopandwa masale. Kihamba ni shamba na pia ni hati ya ukoo, kwa maana ardhi hiyo ni yenu kwa sababu babu zenu wamo ndani yake. Sale nalo ni jani la amani. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, na kwa mila zetu ni aibu kubwa kulikataa. Kwa hiyo aliyeingia kihambani na kuliondoa fuvu lililolala chini ya masale aliingia mahali ambapo sisi wenyewe tuliingia kwa adabu, na aling'oa kitu ambacho kwa fikra za wenyeji kilishikilia ardhi, ukoo na amani kwa pamoja. Alipoandika kwenye kadi yake neno moja tu, »Dschagga«, yaani Mchagga, na tarakimu, alikuwa amemaliza kazi.

Wengine walichukuliwa kwa damu. Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga watu 19 Old Moshi, akiwemo Mangi Meli mwenyewe, Mangi Ngalami wa Siha, Mangi Molelia wa Kibosho, na viongozi wa Meru na Arusha. Miaka minane kabla ya hapo, Juni 1892, wapiganaji wa Meli walikuwa wamewashinda Wajerumani na kumuua kiongozi wao, von Bülow. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi. Masimulizi niliyokua nayo yanasema Meli hakufa upesi pale mtini, na kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Naongeza, kwa sababu ukweli haugawanyiki, kwamba miongoni mwa waliomchongea Meli kwa Wajerumani walikuwamo mamangi wenzake, na kwamba askari waliozibeba bunduki katika vita vile walikuwa Waafrika kwa wingi. Nimelifundisha jambo hilo kila mwaka bila kulificha. Halipunguzi deni la aliyekuwa akitoa amri na aliyekuwa akipokea masanduku bandarini.

Mahali hapo leo pana mnara wa kumbukumbu, uliozinduliwa mwaka 2019. Kichwa cha Meli hakikuwa miongoni mwa mafuvu yaliyotambuliwa mwaka 2023, na huenda hakipo Berlin kabisa. Mkusanyiko binafsi wa von Luschan, wenye mafuvu yapatayo 5,000, ulinunuliwa na makumbusho ya historia ya viumbe ya Marekani jijini New York baada ya kifo chake mwaka 1924. Kwa hiyo, Waheshimiwa, anayewaambia wazee kwamba Berlin wakifungua kabati moja kila kitu kitapatikana, anawapa tumaini ambalo hana haki ya kuligawa. Wizara ya Mambo ya Nje ipeleke ombi la orodha New York pia, na kwa vyuo vikuu na majumba ya makumbusho mengine ya Ujerumani, maana Berlin haikuwa peke yake katika kukusanya.

Naja sasa kwenye kichwa ambacho kilirudi, kwa sababu ndicho kinachonitia hofu zaidi.

Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, akapoteza ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, akapigana porini kwa miaka karibu minne mingine, na Julai 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919, vita vikuu vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yaliandika katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Wanafunzi wangu walifurahi kila mara niliposoma kifungu hicho darasani, kwa sababu ilikuwa kama dunia nzima imesimama kumtambua babu yetu. Kisha niliwaambia wakisome tena, waangalie fuvu lilipaswa kukabidhiwa kwa nani. Kifungu hakiwataji Wahehe. Kinaitaja Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Ile miezi sita ikawa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen mwaka 1953, akaonyeshwa mkusanyiko wa mafuvu, na fuvu likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, pamoja na tundu la risasi. Tafakarini jambo hilo: rula ileile iliyotumiwa kutudhalilisha ndiyo iliyotumika kuturudishia babu. Juni 1954 Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, huko Kalenga, ambako lipo hadi leo. Twining alikuwa na hesabu zake za kisiasa, kwani alihitaji utii wa Wahehe wakati moto wa Mau Mau ukiwaka Kenya. Sina haki ya kuwasemea Wahehe kuhusu fuvu lililoko Kalenga; wao wamelipokea, na kupokea kwao ndiko kunakohesabika. Ninachosema ni kwamba utaratibu mzima ulikuwa mikononi mwa watawala wawili, mmoja akitoa na mwingine akipokea, na wenye babu yao wakaitwa siku ya sherehe. Maswali kuhusu uhakika wa fuvu lile yameulizwa tangu wakati huo, na yataendelea kuulizwa kwa sababu ya namna lilivyochaguliwa.

Serikali yetu si Twining, na sitaki mtu anisome kana kwamba nasema hivyo. Lakini serikali yoyote, hata iliyo yetu, ina mazoea ya kukabidhiana vitu na serikali nyingine: mkataba unatiwa saini, ndege inatua, bendi inapiga, na sanduku linaingia chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam likisubiri uamuzi. Chumba cha kuhifadhia mifupa hakibadiliki kuwa kaburi kwa sababu ya kuhamishwa kutoka nchi baridi hadi nchi ya joto.

Nilipokuwa Songea niliwapeleka wanafunzi kila tarehe 27 Februari kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Hapo ndipo wamelazwa katika kaburi la pamoja mashujaa zaidi ya 60 wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906, na pembeni liko kaburi la Nduna (jemadari wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono mbele ya kaburi hilo akaniuliza kichwa kiko wapi. Nilimjibu kwamba kilipelekwa Ujerumani. Akauliza, sasa hapa tumemzika nani? Nimefundisha kwa muda mrefu, na hilo ndilo swali ambalo sikulipatia jibu linalotosha.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima kwa malipo yasiyolingana na jasho lao. Vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000, na wanahistoria wamefikisha makadirio hadi 300,000. Risasi haikuua wote hao. Jeshi lilichoma mashamba, likatwaa chakula ghalani na kuzuia watu wasipande, kwa sababu maofisa walikuwa wameandika kwa uwazi kwamba njaa ndiyo itakayowapigisha magoti waliobaki. Mtu anayetaka kujua kwa nini sehemu kubwa ya kusini ilibaki pori la wanyama mahali palipokuwa na vijiji, aanzie hapo.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akasimama mahali hapo na kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wa watu wa pale. Aliahidi pia kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea. Nililia niliposikiliza taarifa hiyo ya habari, na sioni haya kusema hivyo. Mtu aliyeomba msamaha hastahili kudharauliwa, na kwa sisi tuliolelewa na masale ni vigumu hata kufikiri kumgeuzia mgongo. Lakini kwetu, anayeleta sale hufika mlangoni kwa mwenyewe aliyekosewa, anataja kosa kwa jina lake, na anayekosewa anamjua aliyekuja. Koo nyingi zilizokosewa bado hazijui kwamba zimo katika hesabu ile ya 197.

Hapo ndipo orodha inapohitajika.

Kila fuvu lina kumbukumbu zake, hata kama ni haba: namba, mahali lilipotoka, aliyelituma, mwaka lilipofika, na mara nyingine maneno machache kuhusu lilivyopatikana. Majina ya mahali yaliandikwa kwa tahajia ya Kijerumani ya wakati ule, kama »Kiboscho«, »Bagamojo« au »Muansa«, na mengine ni ya vilima, mito na watawala ambao hawamo katika ramani yoyote ya sasa. Mtafiti wa Berlin, hata awe hodari namna gani, atasoma jina la namna hiyo na kuishia kuandika »Tanzania ya kaskazini«. Bibi wa miaka 80 huko Kirua au Mamba atasikia jina hilohilo likitamkwa na kusema, huyo ni wa kwetu, hiyo ni njia ya kwenda kwenye mfereji wa fulani. Elimu hiyo haipo katika maktaba, na wenye nayo wanafariki kila mwezi. Tangu lile tangazo la Septemba 2023 nimehudhuria mazishi ya wazee kadhaa ambao ningependa wawe wameulizwa.

Isomwe kwa Kiswahili, na Wajerumani wasiseme kwamba ni kazi ngumu. Walitutawala kwa Kiswahili. Waliwaandikia maakida na majumbe, viongozi wa chini waliowatumikia, kwa Kiswahili, walidai kodi kwa Kiswahili, na hukumu zao zilifafanuliwa kwa watu kwa Kiswahili. Taarifa ya utafiti inayochapishwa kwa Kijerumani na Kiingereza inamfikia kila mtu isipokuwa yule anayehusika.

Tena isibaki kwenye tovuti ya wizara peke yake. Mtendaji wa kata aibandike kwenye ubao wa matangazo, aisome mkutanoni, na atoe muda wa kutosha, si chini ya miezi sita, ili koo zikutane na kujibu. Redio za mikoani zisaidie. Makanisa na misikiti nayo isaidie, kwa maana wajukuu wa watu hawa leo ni Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na kila ukoo utakuwa na maoni yake kuhusu sala gani isomwe na kama fuvu lirudi chini ya masale au liingie kaburini. Uamuzi huo ni wao. Kazi ya Makumbusho ya Taifa iwe kuwasaidia, kuwapa maelezo ya kweli, na kuweka kumbukumbu ya kila kitakachoamuliwa. Majalada ya Kijerumani yaliyoko katika Kumbukumbu za Taifa nayo yafunguliwe kwa wanaohitaji kulinganisha tarehe na majina, pamoja na mtu wa kuusoma mwandiko ule wa zamani kwa niaba yao.

Kuhusu vinasaba nina neno la tahadhari. Nimefurahi kama wengine kwamba teknolojia imempatia Akida ukoo wake. Lakini ikiwa vinasaba vitafanywa sharti la kurudishwa, walio wengi watabaki Berlin milele: aliyekufa kijana bila mtoto, ambaye ukoo wake ulimalizwa na njaa ya mwaka 1906, na yule ambaye ndugu zake walihama na kusahau jina. Kujua mahali fuvu lilipotoka kunatosha kulirudisha mahali hapo. Vinasaba vitumike pale ambapo koo mbili zinadai mtu mmoja, au pale ukoo wenyewe unapoomba. Na wanaotoa mate yao kwa ajili ya vipimo waandikiwe kwa lugha wanayoielewa sampuli zao zitakaa wapi, zitatumika kwa nini, na zitateketezwa lini. Itakuwa jambo la kuhuzunisha sana iwapo, katika kudai vichwa vya babu, tutaacha nyuma damu ya wajukuu.

Naomba pia mazungumzo haya yasichanganywe na yale ya mjusi. Najua wabunge wa kusini wameuliza kwa miaka mingi kuhusu mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na sasa anasimama katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Ni swali halali. Mamia ya vibarua walichimba na kubeba mifupa ile hadi pwani, katika nchi iliyokuwa imetoka kuchomwa moto miaka miwili tu kabla, na Boheti bin Amrani, aliyesimamia kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, anastahili kujulikana na kila mtoto wa Lindi. Lakini kila mara mjusi anapotajwa bungeni, magazeti yanamchora mjusi, na mifupa ya watu inasahauliwa. Mjusi anaweza kusubiri mkataba wa utalii. Watu wana wazee wanaowasubiri.

Kwa upande wa jirani zetu, napendekeza Tanzania isiende Berlin peke yake. Rwanda ina 904 katika hesabu ile, Kenya 27, na yale 7 yasiyojulikana hayana wa kuyasemea mpaka nchi zetu zikae meza moja. Mipaka iliyopo leo ilichorwa na haohao waliochukua mafuvu, na fuvu lililoandikwa jina la mahali fulani huenda likawa la mtu ambaye ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, mwendo mfupi kutoka Old Moshi, ingefaa kuwa mahali pa orodha moja ya pamoja. Huko Kenya, Wanandi nao wanamtafuta Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen Oktoba 1905. Fimbo zake zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006, kichwa bado. Wana mengi ya kutueleza kuhusu kupokea nusu ya kitu.

Sasa naelekeza maneno kwa wenzetu wa Berlin na kwa Ubalozi. Mmerudisha masalia ya Wanamibia mwaka 2011, 2014 na 2018. Desemba 2022 waziri wenu alizipeleka mwenyewe hadi Nigeria kazi 20 za sanaa za shaba za ufalme wa Benin. Hakuna anayeweza kusema kwamba hamjui namna ya kufanya jambo hili, wala kwamba sheria zenu zinawazuia. Wakfu wenu umesema mara kwa mara kwamba uko tayari kurudisha, na mimi nayaamini maneno hayo. Basi toeni orodha hata kabla mazungumzo ya serikali hayajakamilika, kwa sababu kutoa taarifa hakuhitaji mkataba. Mlipie tafsiri yake, mlipie safari za wazee wawili au watatu wa kila ukoo unaojitambua ili waje waingie ghalani wawaone watu wao kabla hawajafungwa kwenye sanduku, na mlipie maziko, ili familia ya mkulima wa kahawa isilazimike kuuza ng'ombe kwa ajili ya kumzika mtu ambaye haikumwua. Suala la fidia kwa vita na njaa ni kubwa na lina mahali pake, sitaki lifikiriwe kuwa limefutwa na barua hii. Ila lisiwe sababu ya kuchelewesha mazishi.

Na kwenu Waheshimiwa wa nyumbani, naomba mambo mawili yenye tarehe. La kwanza, mwongozo wa maandishi unaoeleza kwamba masalia ya binadamu yakifika nchini ni ya ukoo na kijiji kwanza, na kwamba Makumbusho yanayashika kwa amana na kwa muda uliotajwa. Pia kwamba wale ambao hawatapata wa kuwadai watazikwa katika ardhi ya wilaya walikotoka, baada ya wazee wa hapo kukaa na kukubaliana mahali. La pili, siku ambayo orodha itaanza kusomwa. Nikiruhusiwa kupendekeza, ianze tarehe 2 Machi katika Old Moshi na tarehe 27 Februari katika Songea, kwa maana siku hizo watu hukusanyika hata bila kuitwa.

Kwa Akida, ambaye ukoo wake umejulikana tayari, hakuna cha kusubiri katika haya yote. Wanaomdai wapo, wana majina na wana kihamba. Semeni nao, muwaulize wanataka arudi lini na apokelewe na nani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Old Moshi, Kilimanjaro